Plasta au mto baada ya opresheni ya nyonga? Jibu kwa baba wa Arua

Ndugu yangu wa Arua, swali lako nimelisoma pole pole, maana ni swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni ila wodini wanaogopa kuuliza, daktari anapita haraka na watu ni wengi. Kwa wenzetu wanaosoma, ni hivi: huyu baba yuko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, binti yake ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo, hakai mwenyewe, kichwa bado kinataka kushikiliwa, ni mwembamba, kifua kinamsumbua kila mvua zikianza, na anakunywa dawa ya kifafa tangu mdogo. Nyonga zote mbili zimeanza kutoka, ya kushoto ndiyo mbaya zaidi. Amepewa tarehe ya opresheni Kampala. Daktari mmoja kamwambia mtoto atawekwa plasta kuanzia kifuani mpaka miguuni wiki 6, halafu fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa hospitali nyingine akamwambia siku hizi plasta si lazima, wanaweka mto wa sponji katikati ya miguu. Sasa anauliza nani anasema kweli, yeye aombe nini, na huyo mtoto atafikaje Arua akiwa hivyo wakati nyumbani mwenye kumbeba mchana kutwa ni bibi yake.

Mimi ni fizio wa watoto, watoto wa namna hii ndio kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka.

Wote wawili wanaweza kuwa sawa. Kinachoamua ni mfupa umeshikiliwa vipi huko ndani baada ya kukatwa, na nani atakuwa anamgeuza mtoto usiku na mchana. Kwa mtoto kama ulivyomweleza mimi ningeomba mto, ikiwa daktari wa upasuaji anaiamini pleti aliyoweka. Kama haiamini vya kutosha ningekubali plasta bila ubishi, lakini ningeomba iwe ya muda mfupi kadiri inavyowezekana, na nisingetoka hospitali kabla bibi hajafundishwa kumgeuza kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa maelezo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa kawaida hazaliwi na nyonga iliyotoka. Inatoka taratibu, mwaka hadi mwaka, misuli ya ndani ya paja na ile inayokunja nyonga inavuta muda wote, mtoto hasimami, hatembei, kikombe cha nyonga, lile shimo ambamo fupa la paja linaingia, hakipati kile kichwa cha mviringo cha fupa hilo cha kukichimba kikawa kirefu, na shingo ya fupa la paja inabaki imesimama wima na imegeukia mbele badala ya kuinama inavyotakiwa mtoto akikua. Kwa hiyo wewe na bibi msijilaumu eti mlimbeba vibaya. Kumbeba mgongoni kwa leso miguu ikiwa imepanuka hakutoi nyonga, tena kwa nyonga huo ni mkao mzuri. Na si jambo la mtoto wako peke yake. Utafiti wa jimbo la Victoria kule Australia uliochapishwa 2006 ulikuta karibu watoto 35 katika kila 100 wenye mtindio wa ubongo nyonga zao zinahama, na inategemea sana uwezo wa mtoto: kwa wale wanaotembea vizuri hakukuwa na hata mmoja, kwa wale wasioweza kushika kichwa na mwili, kama binti yako, walikuwa 90 katika 100. Hapa kwetu Uganda utafiti wa wilaya za Iganga na Mayuge uliotoka 2017 ulionyesha karibu watoto 3 katika kila 1000 wana mtindio wa ubongo, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni nyonga ngapi ziko vijijini hakuna aliyezipiga eksirei.

Daktari anasoma kwenye eksirei ni asilimia ngapi ya kichwa cha mfupa imetoka nje ya kikombe. Ikifika 30 anaanza kuwa macho, ikipita 40 kawaida ndipo mazungumzo ya kukata mfupa yanaanza, ikifika 100 nyonga imetoka yote. Muulize ya binti yako ni ngapi kila upande, uiandike, hiyo namba utaihitaji miaka mingi.

Thieta wanafanya nini? Wanaweza kukata misuli ya ndani ya paja peke yake, hiyo ni opresheni ndogo. Lakini kwa miaka 7 na nyonga iliyofika mbali mara nyingi wanakata fupa la paja karibu na nyonga, wanaliinamisha na kulizungusha lirudi mkao unaotakiwa, halafu wanalifunga kwa pleti ya chuma na skrubu. Kama kikombe ni kifupi wanakata na mfupa wa nyonga juu yake, wanaukunja chini ufunike kichwa na kuweka kipande cha mfupa kushikilia hapo. Mara nyingine inabidi wafungue hata ule mfuko unaozunguka nyonga wakirudishe kichwa ndani kwa mkono. Hayo ni majeraha matatu tofauti, kila moja linataka ulinzi wake, na ndiyo maana jibu la plasta au mto halitoki kwa mtu ambaye hajui kipi kitafanyika. Fizio aliyekuambia mto huenda anawaza pleti nzuri ya kisasa, daktari aliyekuambia plasta huenda ameona mifupa ya mtoto kwenye eksirei ni myembamba na anaogopa skrubu zitalegea.

Hapo kwenye mifupa myembamba usipite haraka. Mtoto asiyesimama mifupa yake haipati uzito wa kuikaza, na dawa za kifafa kama fenobabito na fenitoini, ambazo ndizo nyingi kwenye vituo vyetu vya afya, zikinywewa miaka zinapunguza vitamini D mwilini na mfupa unazidi kuwa dhaifu. Mwambie daktari jina la dawa na ameanza lini. Kama anakunywa valproeti mwambie mapema zaidi, hiyo inaweza kugusa kuganda kwa damu. Waulize kuhusu vitamini D na kalsiamu hata kabla ya opresheni, na usije ukaacha dawa ya kifafa siku ya opresheni kwa kudhani hairuhusiwi sababu mtoto hatakiwi kula, uliza watu wa dawa ya usingizi wakuambie anywe saa ngapi. Kifafa kikipanda mtoto ana mfupa umekatwa juzi, mshtuko mmoja tu unaweza kuhamisha kila kitu. Na kama anakunywa baklofeni ya kulegeza misuli hiyo nayo haikatishwi ghafla.

Tuje kwenye plasta yenyewe, wanaiita spaika. Inaanzia chini ya chuchu, inazunguka tumbo na kiuno, inashuka miguu yote miwili mpaka vifundoni au mguu mmoja mzima na mwingine nusu, kinenani wanaacha uwazi wa choo. Mara nyingi kuna fimbo imefungwa katikati ya miguu, na hiyo fimbo SI mpini wa kumnyanyulia, ikivutwa plasta inavunjika pale kwenye nyonga na ulinzi wote umeisha. Plasta ya kawaida ya POP, ile ya unga mweupe unaoloweshwa maji, inachukua siku moja mpaka mbili kukauka vizuri, ile ya faiba inakauka haraka na ni nyepesi lakini bei iko juu.

Uzuri wake ni kwamba haitegemei mtu kukumbuka. Mama amelala, bibi amechoka, mikanda haijafungwa, plasta bado imeshika. Kwa mfupa laini, kwa nyonga iliyofunguliwa mfuko, kwa mtoto ambaye misuli inajikunja kwa nguvu mwili mzima, hiyo ina thamani. Daktari anayejua mtoto anaenda kilomita karibu 500 kutoka kwake, na hatamwona mpaka wiki 6 ziishe, akichagua plasta hafanyi hivyo kwa uvivu.

Lakini mtoto kama wako analipa gharama kubwa ndani ya plasta na nataka uijue yote. Ngozi ndiyo ya kwanza, juu ya matako, visigino, magoti mbele, na ukingo wa juu kifuani. Mtoto mwembamba hana nyama ya kumkinga na hawezi kusema hapa panauma, atalia tu, na kilio mtasema ni opresheni. Mkojo unaingia kwenye pamba ya ndani, unanuka, ngozi inalainika inachubuka. Kifua kinafuatia, kifua chenyewe ndicho hicho kinachomsumbua siku zote halafu sasa amelazwa chali amebanwa tumbo, chakula kinarudi, makohozi hayatoki, nimonia haiko mbali. Choo kinakuwa kigumu. Mara chache plasta ikibana sana tumbo utumbo wa juu unazibwa, mtoto anatapika tena na tena matapishi ya kijani na tumbo linajaa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, plasta ifunguliwe, msingoje asubuhi. Halafu baada ya wiki 6 mfupa uliokuwa dhaifu unatoka ukiwa dhaifu zaidi, nitarudi hapo.

Kati ya plasta kubwa na mto kuna njia za katikati ambazo hukuambiwa na unaweza kuziulizia. Moja ni plasta mbili za miguu tu, kila mguu wake kuanzia pajani mpaka kifundoni, katikati wanafunga fimbo kuweka miguu wazi. Tumbo na kifua viko huru, pampasi inafungwa kama kawaida, mtoto anaweza kuinuliwa mgongo akala. Magoti yanabaki yamenyooka, na nyonga inalindwa vizuri ingawa si kama spaika. Mimi hii naipenda kwa watoto wenye kifua kibaya ambao daktari anasita kuwaachia mto peke yake. Nyingine ni spaika iliyopasuliwa pande mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, inafungwa kwa bandeji au mikanda, sista au fizio anaifungua kuangalia ngozi na kumwogesha mtoto kisha anarudisha. Inataka mtu aliyefundishwa, la sivyo inarudishwa vibaya na kuchubua zaidi.

Mto wa sponji sasa. Ni pembe tatu, sehemu nyembamba inaingia kinenani, pana inashuka kati ya magoti na vifundo, na mikanda ya velkro inashika mapaja na miguu. Wengi tunaongeza na vishikio vya goti vya turubai vyenye vijiti ndani ili magoti yasijikunje usiku. Unavua unamwosha, unaangalia ngozi yote, unabadilisha pampasi, unarudisha. Fizio anaanza kusogeza nyonga na magoti taratibu siku chache tu baada ya opresheni, mtoto anaketishwa mapema kwa kuegemezwa, kifua kinapumua. Hospitali nyingine huko nje siku hizi baada ya pleti nzuri hawaweki hata mto kwa baadhi ya watoto, wanategemea dawa ya maumivu na mkao mzuri basi.

Na tafiti zinasemaje? Nyingi ni za kurudi nyuma kusoma mafaili, hospitali moja moja, watoto si wengi, kwa hiyo hakuna karatasi moja ya kumaliza ubishi na ndiyo maana madaktari wazuri wawili wanakupa majibu mawili. Ila zinaelekea upande mmoja: pale pleti imeshika sawasawa, watoto wasiowekwa plasta mifupa yao haihami kuliko ya wenzao, na matatizo ya ngozi na mengine ya kulala muda mrefu yanapungua. Mimi mwenyewe naamini tumezoea plasta kupita kiasi kwa watoto hawa. Plasta ilikuwa na maana yake yote zamani wakati vyuma vya kufungia mfupa vilikuwa dhaifu, pleti imebadilika ila mazoea yamebaki.

Lakini mto nao una hatari zake, usiuone rahisi sababu ni laini. Mkanda ukikazwa nje ya mguu chini kidogo ya goti unaweza kukandamiza neva inayopita pale juu juu, mguu unaanza kuning'inia hauinuki, na kwa mtoto ambaye tangu zamani haisogezi miguu vizuri hakuna atakayegundua. Kwa hiyo mkanda ukae kwenye paja na kwenye shini, yaani muundi, chini zaidi, vidole viwili vipite chini yake. Hatari nyingine ni huruma. Mtoto analia, bibi anauvua mto, anamweka mapajani miguu imekutana, nyonga ikikaa hivyo siku nzima mapema namna hiyo kazi ya daktari inaharibika. Huruma ya bibi iko sawa, lakini aelekezwe: kilio kinatibiwa kwa dawa ya maumivu na kumgeuza, mto unabaki. Na kama hospitali haina mto, fundi wa magodoro anaweza kuutengeneza kwa sponji ngumu na kuuvika reksini inayopanguswa, ila vipimo vitoke kwa fizio au karakana ya vifaa vya viungo, si kukisia. Kituo cha Katalemwa Cheshire Home pale Kampala na hospitali ya CoRSU pale Kisubi barabara ya Entebbe ni watu waliozoea vifaa na watoto wa namna hii, waulize.

Maumivu ndugu yangu, hapa niko serious. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo mbaya, na kinachomtesa mtoto mwenye mtindio wa ubongo zaidi ya kidonda ni misuli kukaza ghafla: anashtuka, msuli unajikunja, mfupa uliokatwa unavutwa, anaumia, msuli unakaza tena. Muulize mtu wa usingizi kama atapewa dawa ya ganzi ya mgongoni, inawasaidia sana watoto hawa. Baada ya hapo parasetamo kwa saa zake, si mpaka alie, na dawa ya kulegeza misuli kama diazepamu kwa siku chache ikiwa daktari ameandika, kwa kipimo alichoandika tu kwa sababu ikizidi inalaza na pumzi. Wewe ndiye unayejua kilio cha binti yako cha njaa na cha maumivu, sista hajui, mwambie, usikae kimya kwa heshima.

Kabla hujachukua tarehe fanya mambo ya nyumbani. Mtoto mwembamba kidonda hakiponi haraka, na kama uzito uko chini sana hata kuahirisha mwezi mmoja au miwili akalishwa ni heri, hilo mjadiliane na daktari. Uji wenye maziwa na karanga za kusaga, mayai, maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusaga, mafuta kidogo kila mlo. Kwa plasta pima na mlango, mtoto aliyepanuliwa miguu hapiti mlango mwembamba kwa upande wa mbele na haingii kwenye wilchea ya kawaida, na godoro liwe gumu kiasi na lisilozama katikati.

Ukishafika wodini umuulize daktari haya, kwa upole, si kwa kumjaribu: unakata mfupa upi, unafunga kwa nini, na plasta inalinda kitu gani ambacho pleti haiwezi kulinda. Akikujibu kwamba mfupa ni laini au mfuko wa nyonga umefunguliwa, muulize kama wiki 3 au 4 zinatosha kisha mto umalizie, au kama plasta za miguu na fimbo zinafaa. Akisema pleti inashika peke yake ila hawana mto, hapo jibu ni kutafuta mto. Mwambie pia ukweli wa nyumbani, kwamba ni bibi, ana miaka mingapi, ana nguvu kiasi gani. Mtoto mwenye spaika anakuwa mzito kupita kiasi, bibi mmoja HAWEZI kumgeuza peke yake salama, lazima wawe wawili, mmoja mabega mwingine chini ya nyonga na mapaja. Kama mchana nyumbani hakuna mtu wa pili hiyo ni sababu ya kitabibu kabisa ya kuogopa plasta, si malalamiko.

Kumgeuza ni kila saa 2 au 3 hata usiku, chali, ubavu, na kifudifudi kama daktari ameruhusu na kuna mtu anamwangalia pumzi. Visigino visiguse godoro, weka nguo iliyokunjwa chini ya mguu juu ya kifundo kisigino kining'inie. Akila ainuliwe kifua na kichwa, kwenye plasta inamishe ubao au godoro zima lenye yeye, asilishwe akiwa chali kabisa. Kwa plasta pampasi ndogo inasukumwa ndani ya uwazi na kubwa inafungwa nje, ukingo unavikwa nailoni, na asubuhi na jioni unainusa plasta na kumulika tochi ndani ya kingo. Harufu mpya ya uozo, doa linalotokea juu ya plasta, kilio cha mahali pamoja: rudi hospitali. Usiingize kijiti wala waya kumkuna, usimwage poda. Vidole vya miguu viwe na joto na rangi, bonyeza kucha uone damu inarudi, vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi usingoje gari la kesho, nenda kituo chochote chenye mtu wa kupasua plasta.

Homa pia. Kwetu mtoto akichemka mkono unaenda kwenye dawa ya malaria moja kwa moja. Apimwe malaria ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha malaria kidonda kiangaliwe na kifua kisikilizwe siku hiyo hiyo.

Safari ya Arua. Bodaboda hapana kabisa, hata kutoka stendi mpaka nyumbani. Kama mnaweza kukaa Kampala kwa ndugu mpaka kidonda kimeangaliwa na nyuzi kutolewa, kaeni, safari ya siku nzima kupita Karuma na Pakwach siku ya 5 ni mateso bure. Mkiondoka, gari ya spesho, ya kukodi peke yenu, yenye kiti cha nyuma kirefu ni bora, wakichangishana ukoo. Kama ni basi, kata siti tatu za nyuma zilizoungana, alazwe kwenye godoro lake, mtu mmoja kazi yake iwe kumshikilia asiteleze breki zikifungwa, ameze dawa ya maumivu kabla ya kuondoka, mmgeuze kila gari likisimama na maji anywe.

Sasa siku ya kutoa plasta, ambayo wazazi wanasherehekea na mimi ndiyo naiogopa. Mashine ya kukatia inapiga kelele sana ila kwa kawaida haikati nyama, inatetemeka tu, mzibe masikio na umwimbie. Mguu unatoka mwembamba, ngozi ina magamba, mwoshe kwa maji vuguvugu na mafuta bila kusugua. Lakini mfupa ndani umekuwa kama chaki. Fupa la paja pale juu kidogo ya goti linaweza kuvunjika kwa kitu kidogo kabisa, kumvalisha suruali, kumgeuza kwa kushika mguu mmoja, goti lililokaa wiki 6 limenyooka mtu akalikunja kwa nguvu ili aketi. Na wale wanaokuja na mafuta kumchua na kumvuta miguu ilegee, wazuie mlangoni, kwa upendo lakini wazuie. Goti linakunjwa kwa uzito wake lenyewe, mtoto akiwa ameegemezwa, siku kwa siku, na wiki za mwanzo kila anayemnyanyua apitishe mkono chini ya paja NA chini ya shini pamoja. Goti likivimba, likipata joto, au akianza kulia kila mnapombadilisha nguo, chukulia ni mfupa umevunjika mpaka eksirei ikatae, hata kama hakuna aliyeona ameanguka. Hii ndiyo sababu nyingine ninapenda mto, mguu haukai wiki zote hizo bila kusogezwa.

Kusimamishwa kwenye stendi ya mbao, ile fremu ya kumshikilia mtoto asimame, kunaanza daktari akisema mfupa umeshika, mara nyingi baada ya eksirei ya wiki 6, dakika chache kwanza. Mto unaendelea usiku kwa miezi kadhaa atakayosema, hata kwa aliyeanza na plasta. Eksirei nyingine inafuata baada ya miezi kadhaa na baadaye kila mwaka mpaka amalize kukua, sababu misuli bado inavuta na nyonga ya upande uliokuwa mzuri inaweza kufuata. Picha zote zipigwe miguu ikiwa mkao ule ule, na filamu usiziache hospitali, zihifadhi nyumbani pakavu kwenye bahasha moja na zile namba za asilimia nilizokuambia uandike, kila mnapokwenda kliniki mwende nazo.